Shangazi, mke wangu analipa hela ili afumbe macho

Barua imetoka Mikindani, Mtwara, nimeifupisha: "Shangazi shikamoo. Nina mke, watoto watatu, pikipiki na shamba la korosho. Tangu hela ya mnada iingie, mke wangu kila Jumatano anajifungia chumbani na simu anaongea na mama wa Dar anayejiita mtaalamu wa saikolojia. Hakuna la maana, anaambiwa afumbe macho ausikilize mwili. Siku moja nilisimama mlangoni nikasikia anaambiwa pole pole 'hapa hakuna wa kukufokea', mke wangu akalia kama kafiwa. Nahisi karogwa. Mimi sijawahi kumpiga na yeye ananiheshimu sana, akisikia pikipiki tu anakurupuka kwenye mkeka na watoto wananyamaza. Sasa na mimi naitwa nijiunge. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa wasiwasi, na pole yangu imeishia hapo.

Barua nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama kwenye pikipiki. Wewe unaita heshima. Mke anayekuheshimu anakuja kukupokea mzigo, hakurupuki, anayekurupuka ni kuku akiona mwewe. Na hilo la sijawahi kumpiga, nani alikuuliza? Halafu kwenye sehemu niliyoikata umejisahau ukasema shamba aliachiwa na mjomba wake, sasa mbona huku juu limeshakuwa lako, na hela anayolipa unaisema kama umeibiwa wewe?

Uchawi hakuna. Ulivyoeleza inafanana sana na njia ya tiba ya saikolojia inayoitwa Hakomi, aliianzisha Mmarekani Ron Kurtz miaka ya 1970, taasisi yao ikafunguliwa 1981, jina lenyewe ni la lugha ya Wahopi, wenyeji wa kule Arizona. Mtu anatulizwa kwanza, anaangalia pumzi yake, mabega, tumbo, alafu mtaalamu anatamka sentensi moja fupi tena nzuri na wote wawili wanatazama mwili umejibu nini, mwingine anatabasamu, mwingine koo linamkaba, mwingine hasikii chochote. Ile sentensi haimwingizii mtu kitu, inagusa kilichokuwemo. Sasa mkeo kaambiwa hakuna wa kukufokea akaangua kilio. Aliyekuwa anamfokea nani, mimi?

Na ndoa za siku hizi ndo zilivyo, mtu anajua bei ya korosho ya mnada wa jana mpaka senti ya mwisho ila hajui mkewe analala saa ngapi. Zamani somo alimkalisha mwali unyagoni akamfundisha kumsoma mume, akirudi kanuna usimpe maneno kabla ya maji ya kuoga. Wavulana nao jandoni walifundishwa mengi, lakini mimi sijakutana na mwanaume aliyetoka huko anajua kusikiliza mkewe anavyohema. Kazi yote ya kusomana tulimwachia mmoja, na sasa huyo mmoja kachoka katafuta mtu wa kumsoma na yeye, mnaita kurogwa.

Kwenye hicho kikao nenda, ila kwanza nijibu kimoyomoyo, mkono wako kweli haujawahi kumfikia? Kama ulishafika hata mara moja usijipeleke, mwache aende peke yake, maana hawezi kusema ukweli umekaa pembeni yake, na akitaka kwenda dawati la jinsia polisi usimzuie. Kama ni mdomo tu, kaa, sikiliza. Una haki pia ya kumuuliza huyo mama kasomea wapi, matapeli wapo, ila uliza kwa adabu.

Na ukipandwa na hasira nyumbani toka nje. Kuna mtafiti wa ndoa Marekani, John Gottman, anasema moyo ukishapita mapigo 100 kwa dakika kwenye ugomvi mtu hasikii tena anachoambiwa, inatakiwa mpumzike kama dakika 20 ndo muendelee. Dakika 20 unafika ufukweni ukatazama ngalawa ukarudi.

Usinijibu sasa hivi. Kesho jioni zima pikipiki mbali kidogo na nyumbani, isukume kwa mkono mpaka uani, usimame kimya usikie wanavyoongea na kucheka kabla hawajajua umerudi. Alafu ndo uniandikie tena.