Kitunguu, kwesetini na kimeng'enya cha korona

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Kuna video inasema kompyuta imethibitisha kwamba kwesetini ya kitunguu maji inaziba proteasi kuu ya virusi vya korona, yaani kimeng'enya kinachokata protini zao, alama -8. Nimchemshie mama vitunguu vingapi kwa siku? Anatumia dawa za presha.

JIBU: Marahaba. Hakuna idadi. Mama aendelee kula kitunguu kwenye mchuzi kama kawaida.

Hiyo -8, kilokalori kwa moli, ni makadirio ya nguvu ya kushikana, yanayotolewa na programu inayogeuzageuza molekuli mpaka ikae kwenye shimo la kimeng'enya, pale penye asidi amino iitwayo sisteini, namba 145. Kampaundi za mimea zenye pete na hidroksili nyingi hupata alama hiyo kwa wingi, hata zisizozuia chochote. Alama husaidia kuchagua cha kupima maabara, basi.

Maabara nako kuna mtego, na wauza unga wa majani ya dawa za asili hawautaji kamwe. Polifenoli, kundi la kampaundi za mimea kama kwesetini, hukusanyika kuwa vibonge vinavyonasa kimeng'enya chochote, au huoksidika na kuiharibu sisteini. Kwa hiyo jaribio hurudiwa kwa kutia sabuni ya maabara, Triton X-100, 0.01%, na tena kwa ditiothreitoli, inayoilinda sisteini isioksidike, milimola 1. Kisha kampaundi ileile hujaribiwa kwenye kimeng'enya kisichohusiana kabisa. Uzuiaji ukitoweka baada ya kutia sabuni hiyo, vilikuwa vibonge tu. Anayekuletea asilimia za uzuiaji bila vipimo hivi hajakuletea kitu.

Halafu kuna mwili. Kuzuia nusu ya proteasi hiyo kunahitaji makumi ya mikromola ya kwesetini. Baada ya mlo, kwa kawaida damu haifikishi hata mikromola 1, tena karibu yote utumbo na ini vimeshaifunga kwa asidi ya glukuroniki na salfeti. Nirmatrelvir, dawa ya korona inayoziba proteasi hiyohiyo, inafanya kazi kwa nanomola (elfu moja ni mikromola 1), na bado hupewa pamoja na dawa nyingine, ritonavir, miligramu 100 ili ini lisiivunje upesi.

Sisemi mimea haina dawa. Kalanolaidi A, inayozuia kimeng'enya cha VVU cha kunakili RNA kuwa DNA, ilitoka kwenye mti wa Sarawak, Malaysia, ndugu wa mtondoo wa pwani yetu. Sampuli ilichukuliwa 1987. Watafiti waliporudi mti ulishakatwa, na miti mingine ya aina hiyo ikatoa kidogo sana au haikutoa kabisa. Sasa kijiko cha unga usiopimwa kina miligramu ngapi? Muuzaji hajui.

Na unga huo hugongana na dawa. Vidonge vya kitunguu saumu viliwahi kushusha saquinavir, dawa ya VVU, kwa takriban nusu kwenye damu. Mtu anayetumia ARV, dawa za presha au za kuzuia damu kuganda amwonyeshe mfamasia pakiti kabla ya kuifungua, na asiache dozi yake hata siku moja kwa ajili ya majani.