Kutua na glaida: usisukume mapema

Ndugu, ukitua na glaida ya kuning'inia, ukisukuma fremu (ile pembetatu ya mabomba unayoishika kuiongoza) glaida ikapaa tena mita mbili kisha ikakubwaga, ujue umesukuma ukiwa bado na mwendo mwingi. Kabili upepo, uje na kasi ya kutosha, maana karibu na ardhi upepo hupungua. Simama wima, mikono kwenye nguzo za pembeni za fremu usawa wa mabega, uiache glaida iteleze juu ya majani mpaka kasi ipungue yenyewe. Macho mbele, siyo miguuni! Fremu ikiacha kuvuta mikono, ikaanza kulegea, hapo sukuma juu kwa nguvu, mikono inyooke kabisa. Glaida ikipaa tena, usiirudishe fremu kifuani. Ishikilie hapohapo, kisha umalizie kusukuma inaposhuka. Na tafadhali fungia magurudumu kwenye fremu, yaliniokoa mkono mimi.