Anti, wanasema tuna ajira, mbona kijiweni tumejaa?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi kijana wa miaka 22 niko Newala, fomu foo nilimaliza matokeo hayakuwa mazuri ndo nikabaki nyumbani. Kipindi cha kupulizia nazunguka na mashine ya salfa kwenye mikorosho ya watu, baadaye korosho zikianza kuuzwa nabeba magunia ghalani, halafu kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nne hamna kitu, ni kijiwe na bao tu. Juzi nasikia redioni vijana wengi wa umri wangu wanahesabika wana ajira, iliniuma sana, ajira gani hizo? Sasa mzee ameuza korosho zake anataka anilipie chuo, mjomba anasisitiza nisomee mambo ya gesi Mtwara. Hizo takwimu zina msaada wowote kwangu au ni za wakubwa tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hawajakudanganya, ila hukuambiwa watu waliulizwa swali gani, na hapo ndo penye kazi yote. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imefanya Utafiti wa Nguvukazi mwaka 2006, 2014 na 2020/21, anayekuja kuhoji anakaa na wewe barazani anakuuliza siku 7 zilizopita ulifanya kazi yoyote ya kipato, hata saa moja? Ukisema ndiyo unaandikwa una ajira. Kipimo hicho ni cha Shirika la Kazi Duniani, nchi nyingi zinakitumia ili ziweze kulinganishwa. Kwa hiyo akikukuta Julai una mashine mgongoni una ajira, na akikukuta Machi hapo kwenye bao lakini Jumanne ulimsaidia jirani kushusha mbao akakupa elfu mbili, kwa kipimo hicho bado una ajira! Hasira yako naielewa kabisa, maana elfu mbili ya Jumanne haimlishi mtu wiki nzima.

Ndo maana usiishie kwenye ile namba moja wanayoitangaza. Ripoti hiyohiyo ukiifungua ina mambo mengine, watu wanafanya saa ngapi kwa wiki, wangapi wanataka kuongezewa saa na hawapati, nani ameajiriwa na nani amejiajiri, wako kwenye kilimo au biashara au ujenzi, wamesoma mpaka wapi. Wewe uko kwenye lile kundi la wanaotaka saa zaidi, na mimi naona hilo ndo kundi linalotuhusu watu wa kusini kuliko la wasio na kazi kabisa, kwa sababu huku kazi zinakuja na korosho na zinaondoka na korosho. Ila ujue huo ni utafiti wa sampuli, wanachagua kaya chache, namba ya mkoa haiwezi kukuambia Newala peke yake ikoje. Kwa wilaya na kata angalia sensa ya 2022 ambayo ilihesabu kila mtu, mkoa wetu wa Mtwara ulikuwa na watu 1,634,947.

Kuhusu gesi, mjomba anakutakia mema lakini namba alizonazo kichwani ni za zamani. Bomba la gesi la kutoka Mtwara kwenda Dar lilipokuwa linajengwa, wachomeleaji, madereva, mama ntilie, wenye gesti, wote walikuwa na kazi. Likakamilika 2015. Ujenzi unataka mikono mingi ila mtambo wa kusafisha gesi kama wa Madimba ukishasimama unaendeshwa na watu wachache wenye utaalamu wa juu. Kijana wa jirani yangu hapa Chuno alisomea gesi tu, sasa anauza kava za simu sokoni, na ana akili nyingi yule mtoto inasikitisha. Ukitaka kuwa karibu na gesi somea uchomeleaji au umeme, gesi isipokuita utachomelea mageti.

Lakini mimi ningekuomba kabla mzee hajatoa hela ukusanye takwimu zako mwenyewe, hizo hakuna ripoti inazo. Nenda AMCOS yenu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, muulize karani wakulima wako wangapi, halafu pita vijiji viwili vitatu uhesabu mashine za kupulizia. Uliza mwezi wa sita mwaka jana zilizoharibika zilipelekwa wapi, zilikaa siku ngapi kwa fundi, walilipa shilingi ngapi. Unajua mwenyewe ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho mnaoupulizia salfa, hausubiri, maua yakishaungua hela ya mwaka imekwenda. Ukiona watu wanapakia mashine kwenye bodaboda mpaka Masasi, basi hapo kuna kazi inayomsubiri mtu, na fundi wa injini ndogo Machi hakai kijiweni kwa sababu bodaboda na mashine za kusaga zinaharibika mwaka mzima.

Yote hayo yaandike kwenye daftari, halafu nenda nalo VETA Mtwara, kwenye chuo cha ufundi, waulize kozi ya ufundi magari na injini ni muda gani na ada yake. Na kama una rafiki aliyejifunzia ufundi chini ya mwembe nenda naye, VETA wana urasimishaji ujuzi, wanampima anachokijua wanampa cheti bila kuanza upya.

Mzee mwambie asubiri wiki mbili tu, na ukishahesabu hizo mashine niandikie ziko ngapi.