Ukialikwa karamu ya Burns, nenda na shairi lako

Wiki iliyopita dada mmoja aliyekuja kusoma Glasgow aliniandikia: "Kaka, wenzangu wa maabara wamenialika karamu ya Burns. Mimi Muislamu, pombe sinywi, Kiskoti sikijui, na nasikia wanakula utumbo. Niseme naumwa?"

Mdogo wangu, usiseme unaumwa. Nenda.

Kwanza umjue mwenye sherehe. Robert Burns, malenga wa Waskoti, alizaliwa Alloway, magharibi mwa Uskoti, tarehe 25 Januari 1759, kwenye nyumba ya kuezekwa kwa nyasi aliyoijenga baba yake mwenyewe. Mtoto wa mkulima, na kulima alilima. Alifariki mwaka 1796 akiwa na miaka 37. Mwaka 1801 rafiki zake tisa wakakutana kwenye nyumba ileile, wakala, wakasoma mashairi yake, na karamu hizi zikaanzia hapo. Kilichonigusa mimi ni kwamba aliandika kwa Kiskoti cha watu wa kwao wakati wasomi wengi wakikimbilia Kiingereza. Lijue na lisilopendeza: mwaka 1786 alikuwa amepanga kwenda Jamaika kufanya kazi kwenye shamba la watumwa, akaghairi baada ya kitabu chake cha kwanza kupata wasomaji. Ukilijua hilo utakaa mezani kwao bila kudanganywa na bila kujidanganya.

Mimi nilialikwa na mama mmoja wa kazini. Supu ikapita, watu wote wakasimama, na mlango ukafunguka: mbele mpiga zumari mwenye kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, nyuma yake mpishi kabeba kwenye sinia haggis, nyama yao iliyofungwa kwenye ngozi kama soseji nene, ukumbi mzima unapiga makofi, kama bibi harusi wa Dar anavyoingizwa na matarumbeta. Mzee mmoja akaanza kuighania haggis shairi, kwa kichwa, bila karatasi. Alipofika ubeti unaotaja kisu, akakichomoa, akakifuta kwenye mkono wa koti lake, akaichana ile ngozi kutoka upande hadi upande. Mvuke ukampanda usoni, harufu ya pilipili manga na vitunguu ikafika mpaka meza yetu. Ndani ni moyo, maini na mapupu ya kondoo, yamesagwa na kuchanganywa na nafaka ya oti. Huliwa na viazi na tanipu za kuponda. Hakuna kinachomtisha Mtanzania hapo.

Nilirudi nyumbani nikijiambia: watu hawa wanamfanyia malenga wao hivi kila mwaka, sisi wa kwetu tunawafanyia nini?

Mwaka huu wakaniomba niseme neno. Nikatunga shairi la Kiswahili, mizani kumi na sita kila mstari, nikalighani kama nilivyofundishwa na babu. Kibwagizo kilikuwa "Mgeni njoo mwenyeji, apone na nyumba yake". Nilipomaliza, yule mzee wa kisu akanishika bega, akaniomba niwafundishe kibwagizo. Ukumbi mzima wa Waskoti ukaitikia kwa Kiswahili! Sijawahi kujivuna hivyo tangu nije nchi hii.

Picha zilipofika kwenye kundi letu la Watanzania, niliandikiwa kwamba najipendekeza kwa wazungu, kwamba nimeshawasahau. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu walioandika ni watu niliowapokea stendi kwa mikono yangu, na usiku ule hakuna aliyetukuza Kiswahili zaidi yangu. Ndugu zangu, mtu anaishi Uskoti miaka na miaka, njia anayoijua ni ya kazini na ya duka la unga wa sembe, halafu analalamika kwamba wenyeji hawamjui. Watamjuaje? Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, na Butiama haikumtoka. Anayejua atokako haogopi meza ya mwenzake. Tokeni ndani, jamani. Mkialikwa, itikieni.

Sasa wewe, dada. Kilti si lazima, na kitenge kizuri kinatosha kabisa, ila ndani yake vaa vya joto. Wanaume watatoa hotuba ya kuwatania wanawake, na mwanamke atawajibu. Usikasirike, utani huo una heshima yake. Wakiinua wiski, wewe inua maji, hakuna atakayekuuliza. Ngoma ikianza, yupo mtu wa kutaja hatua kwa sauti, kwa hiyo usikae ukutani. Vaa viatu visivyo na kisigino, maana mtazungushwa kwelikweli. Wimbo wa mwisho mtashikana mikono kwa duara: usikunje mikono kifuani mapema, subiri ubeti wa mwisho. Na shairi lako libebe, hata la beti mbili, kwa sababu wakijua umetoka kwenye lugha ya washairi watakuomba.

Leo hii mwandikie aliyekualika kwamba unataka haggis ya mboga, maana ile ya nyama huenda si halali kwako. Ipo, na ni tamu, lakini jikoni lazima wajue mapema.