Maswali ya Wasomaji: Je, Amri ni ya Watu wa Miguu?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninakaa Walukuba, Jinja. Mwezi Aprili 2020 baba yangu alifariki kijijini kwetu, wilaya ya Kamuli. Magari yalikuwa yamepigwa marufuku kwa sababu ya Covid-19, bodaboda hazikuruhusiwa kubeba abiria, na barua ya ruhusa sikuipata ingawa nilipanga foleni siku mbili. Mazishi niliyasikia kwa simu. Ndugu yangu aliishika karibu na kaburi, nikasikia majembe, nikasikia udongo ukianguka juu ya jeneza, kisha salio likaisha na simu ikakatika. Wiki mbili baadaye afisa mmoja wa huku kwetu, ambaye kila asubuhi alikuwa redioni akituambia tukae nyumbani, alipita mbele ya nyumba zetu na msafara wa magari manne akielekea kwenye sherehe ya familia yake. Tulimwona sote tuliokuwa barazani, na hakuna aliyemuuliza kitu. Mwanangu mkubwa hajasahau. Ebola ilipotangazwa Kampala mwezi Januari 2025, nilimkataza kwenda kuwaangalia wagonjwa ovyo, naye akanijibu: “Mama, amri ni ya watu wa miguu.” Nilikosa la kumwambia. Naomba unisaidie: nikiambiwa tena nijifungie ndani, nitii kwa sababu gani?
Msomaji, Jinja

JIBU: Dada yangu, pole kwa msiba wa mzee. Miaka imepita, lakini barua yako inaonyesha kwamba mazishi yale bado hayajaisha moyoni mwako, na sioni ajabu, kwa sababu ulichonyimwa hakuna serikali inayoweza kukirudisha. Naanzia hapo kwa makusudi, maana wengi wanaolijadili jambo hili hulipeleka upande wa wivu, wakidai kwamba wananchi hukereka tu kuwaona wakubwa wakistarehe. Wewe umeniandikia habari za kaburi. Uliombwa utoe kitu kikubwa kwa ajili ya wote, ukakitoa, kisha ukamwona aliyekuomba akipita barabarani bila kutoa chochote.

Tukumbuke amri zenyewe zilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini Uganda alithibitishwa tarehe 21 Machi 2020, baada ya kutua Entebbe akitokea Dubai. Siku nne baadaye usafiri wa umma ulisimamishwa, na tarehe 30 Machi ikatangazwa marufuku ya magari binafsi pamoja na kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Aliyetaka kumpeleka mgonjwa hospitalini alihitaji ruhusa ya RDC, yaani mwakilishi wa Rais wilayani, mpaka kilio cha wajawazito waliokwama kilipofanya waruhusiwe kusafiri bila ruhusa hiyo. Kwa hiyo mwanao hakutunga fumbo la bure. Kwa majuma mengi nchi hii iligawanyika kweli kati ya waliotembea kwa miguu na waliokuwa na stika ya ruhusa kwenye kioo cha gari. Na waliotembea kwa miguu walitii: hadi katikati ya Julai 2020 hakuna kifo hata kimoja cha Covid-19 kilichokuwa kimetangazwa Uganda. Sehemu ya sifa hiyo ni yako, na sijasikia ukishukuriwa.

Sasa, je, afisa mmoja akikiuka amri anaharibu nini hasa? Uingereza walijikuta wakilipima jambo hili kwa hesabu. Watafiti wa University College London walikuwa tayari wakiwahoji watu zaidi ya 40,000 mara kwa mara, wakati magazeti yalipofichua tarehe 22 Mei 2020 kwamba Dominic Cummings, mshauri mkuu wa Waziri Mkuu Boris Johnson, alikuwa amesafiri na familia yake kutoka London hadi Durham, karibu kilomita 400, katika kipindi ambacho wananchi waliamriwa wabaki majumbani na mkewe alikuwa na dalili za ugonjwa. Matokeo yaliyochapishwa Agosti mwaka huo katika jarida la tiba la Lancet yalionyesha kwamba imani ya watu wa England kwa serikali iliporomoka papo hapo na haikurudi katika majuma yaliyofuata, ilhali huko Scotland na Wales, ambako watu waliulizwa kuhusu serikali zao wenyewe, haikuporomoka hivyo. Cummings alieleza kwamba alikuwa akitafuta mahali pa kumwacha mtoto wake iwapo yeye na mkewe wangezidiwa, na kwamba safari nyingine aliyoifanya hadi mji wa Barnard Castle ilikuwa ya kujaribu kama macho yake yanaona vizuri kiasi cha kuendesha gari. Polisi wa Durham walisema safari hiyo ya pili huenda ilikuwa ukiukaji mdogo, wala hawakumchukulia hatua. Hakuomba radhi, na wakati huo hakupoteza kazi.

Mimi naamini kwamba kilichowaumiza watu zaidi ni yale maelezo. Mzazi yeyote anaielewa hofu ya mtoto kukosa mlezi. Lakini maelfu ya wazazi walikuwa na hofu hiyohiyo na wakabaki ndani, kwa kuwa walidhani amri haina mlango wa nyuma. Walipoambiwa kwamba mlango ulikuwapo siku zote kwa mwenye kujua kuutafuta, walionekana kama wajinga kwa sababu ya utii wao. Hilo ndilo jeraha lako pia, dada. Foleni ile ya siku mbili inakuuma kwa sababu sasa inaonekana kwamba ulikuwa mjinga kuipanga. Hukuwa mjinga.

Mfano wa karibu zaidi na maradhi yetu unatoka Liberia. Wakati wa Ebola ya 2014 na 2015, watafiti waliwahoji wakazi wa Monrovia, wakakuta kwamba wale wasioiamini serikali walikuwa wagumu zaidi kujikinga nyumbani na kufuata amri, na pia wagumu kukubali mazishi salama, yaani yale yanayofanywa na timu maalumu bila familia kuigusa maiti. Lakini ujuzi wao kuhusu dalili za ugonjwa na namna unavyoambukiza haukuwa mdogo kuliko wa wenzao. Naomba maafisa wetu wa afya walisome hilo mara mbili. Watu wanapokataa amri, desturi yetu ni kupeleka gari lenye vipaza sauti likawaelimishe, kana kwamba hawajui, ilhali wanajua na kinachowakosesha utii ni kutomwamini anayewaambia.

Makosa yenyewe hayaepukiki, kwa sababu maafisa ni binadamu, lakini yako mataifa yaliyoyashughulikia kwa namna nyingine. Daktari mkuu wa serikali ya Scotland, Catherine Calderwood, ambaye uso wake ulikuwa kwenye matangazo ya kuwaomba watu wabaki nyumbani, aligunduliwa kwamba ameitembelea nyumba yake ya pili huko Fife. Polisi wakampa onyo, akaomba radhi, na usiku wa tarehe 5 Aprili 2020 akajiuzulu. Norway nako, Waziri Mkuu Erna Solberg alitozwa faini ya kroni 20,000 mwezi Aprili 2021 kwa sababu familia yake ilikusanya watu 13 katika sherehe ya kuzaliwa kwake, ilhali mwisho ulikuwa watu 10. Watatu tu walizidi. Mkuu wa polisi alieleza kwamba faini ilistahili ili imani ya umma kwa kanuni isipotee. Nadhani kama afisa yule wa kwenu angesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na kuandikiwa faini mbele yenu mliokuwa barazani, mwanao leo angekuwa na maneno mengine.

Hapa kwetu yalitokea mambo makubwa kuliko msafara wa magari manne. Mwezi huohuo wa Aprili 2020, wakati familia za Kampala na Wakiso zikisubiri kilo sita za unga wa posho na tatu za maharagwe kwa kila mtu, Bunge liliidhinisha shilingi bilioni 10 kwa ajili ya wabunge, milioni 20 kwa kila mmoja, mpaka Mahakama Kuu ikaingilia. Mwezi Novemba mwaka huo mgombea urais Robert Kyagulanyi alikamatwa Luuka, hapo Busoga kwenu, kwa madai ya kukusanya watu kupita 200 walioruhusiwa, huku mikusanyiko ya upande wa chama tawala ikipita bila kuguswa. Katika ghasia zilizofuata waliuawa watu 54 kwa hesabu aliyoitoa Rais mwenyewe. Kanuni ya afya ikishageuka fimbo ya kumchapa huyu na kumruka yule, mwananchi haioni tena kuwa dawa.

Umeniuliza utii kwa sababu gani, na sitaki kukukwepa. Tii kwa sababu ya yule utakayemwambukiza. Virusi vya Ebola hupita katika majimaji ya mwili wa mgonjwa na wa maiti, na wanaovipata kwanza ni wenye upendo: anayemwosha mgonjwa, anayemfuta matapishi, anayemkumbatia marehemu. Afisa yule hana nafasi katika hesabu hiyo. Mwambie mwanao kwamba kuhusu msafara ule amesema kweli, tena umwambie waziwazi bila kumtetea mkubwa yeyote, kwa sababu ukimtetea hata neno moja hatakusikiliza katika lile la pili. La pili ni kwamba akienda kumshika mgonjwa kwa hasira ya afisa, afisa hatalijua kamwe, bali wewe utalijua.

SWALI: Nilikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi na sasa nimestaafu. Naona ninyi waandishi mnawachochea wananchi dhidi ya maafisa wanaopigwa picha wakisafiri wakati wa amri za kubaki nyumbani. Afisa hawezi kufanya kazi akiwa amejifungia. Picha ya simu haielezi kama alikuwa na kibali au la. Je, si dhuluma kumhukumu mtu kwa kumwona tu akipita?
Mzee wa Mbarara

JIBU: Mzee wangu, heshima yako. Nusu ya hoja yako naikubali bila ubishi: daktari wa wilaya anayepita usiku wakati wa kafyu huenda anakimbilia kuokoa maisha, na mwenye kumpiga picha na kumtangaza kuwa mvunja sheria amemkosea. Lakini dawa ya dhuluma hiyo iko mikononi mwa ofisi. Orodha ya magari yenye kibali, pamoja na kazi ya kila gari, ingebandikwa kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kila mtu angeisoma bila kumuuliza askari. Kibali kikifichwa, kila gari linaonekana la wizi, hata la daktari.

Wala si kila picha hudanganya. Afrika Kusini, Aprili 2020, picha ilimwonyesha Waziri wa Mawasiliano Stella Ndabeni-Abrahams akila chakula cha mchana nyumbani kwa rafiki yake wakati wa kufungwa kwa nchi. Rais Ramaphosa alimpa likizo ya miezi miwili, mmoja kati yake bila mshahara, na akamtaka aombe radhi kwa taifa. Hakuna aliyechochewa na hatua hiyo.

SWALI: Mimi ni wa VHT, timu ya afya ya kijiji, hapa Kassanda. Wakati wa Ebola mwaka 2022 tulipita nyumba kwa nyumba, na mara nyingi tulijibiwa, “Nenda kawaambie wakubwa wako kwanza.” Tulitukanwa kwa makosa ambayo hatukuyafanya. Ugonjwa ukirudi, niwaambie nini?
Mhudumu wa afya ya kijiji

JIBU: Ndugu yangu, wewe ndiye unayelipa deni la watu usiowajua, na bila malipo ya maana. Wilaya yako na Mubende zilifungwa kuanzia tarehe 15 Oktoba 2022, siku 21 kwanza, kisha muda ukaongezwa hadi Desemba. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 11 Januari 2023, walikuwa wamethibitishwa wagonjwa 142, na 55 kati yao walikuwa wamefariki. Kati ya walioambukizwa walikuwamo wahudumu wa afya. Hatari unaijua kuliko mimi.

Usianze na amri. Anayekwambia uwaendee wakubwa kwanza amekupa habari ya imani iliyovunjika, na ukimkatiza kwa dalili za ugonjwa utakuwa umethibitisha kwamba nawe umetumwa tu. Keti, daftari likae mfukoni, mwache aseme yote, ya msafara, ya posho, ya kaka yake aliyepigwa wakati wa kafyu. Usiahidi kwamba wakubwa wataadhibiwa, maana huna uwezo huo. Mwambie lililo lako: kwamba wewe hujamgusa mgonjwa yeyote bila glavu, kwamba watoto wako wanateka maji kwenye kisima kimoja na wake, na kwamba nyumbani kwako akifa mtu utakubali azikwe na timu kama anavyoombwa yeye akubali.

Na timu ya mazishi ikija, jambo hili lisimamie mwenyewe hata kama wana haraka. Ionyesheni familia mahali salama pa kusimama ambapo kaburi linaonekana. Kiongozi wa dini yao aruhusiwe kusoma dua au sala kwa sauti. Na kama kuna binti aliyekwama mjini, mpigieni simu kabla jeneza halijateremshwa, na hakikisheni kwamba salio linatosha hadi udongo wa mwisho.