Kabla hujajiandikisha mgambo

Kila mafunzo ya mgambo yakitangazwa kwenye kata yetu hapa Kilosa, vijana hunijia na swali moja: nikimaliza nitaajiriwa wapi? Siwacheki. Na mimi niliingia na swali hilohilo, na wiki ya pili nusura nitoroke.

Mgambo ni jeshi la akiba. Unafunzwa, unarudi shambani kwako, siku ukihitajika unaitwa. Maasi ya askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati huo, Januari 1964, yaliifunza serikali kutouachia ulinzi watu wa kambini peke yao. Kisha Idi Amin akampindua Rais Obote wa Uganda Januari 1971, na mwezi uliofuata Mwongozo wa TANU, chama tawala, ukahimiza ulinzi wa umma. Mtihani ukaja mwishoni mwa Oktoba 1978, Amin alipovamia Kagera. Baba yangu mdogo alikuwa kuli kwenye ghala la ushirika. Mwaka mpya ulimkuta vitani, Kyaka, huko huko Kagera. Mambo ya kupiga risasi hayasimulii sana. Husimulia kubeba: masanduku ya risasi, unga, majeruhi, kwa miguu, kwenye tope. Kwake yeye, hadi Kampala inaanguka Aprili 1979, vita ilikuwa mabegani.

Kwa hiyo anza na miguu. Mimi nilinunua buti za mtumba zilizonibana, malengelenge yakanitoa kwenye mchakamchaka siku nne. Vaa zako wiki mbili kabla, hata ukienda kuchota maji. Mafunzo ni ya miezi, usitegemee mshahara. Panga mapema nani atakupalilia shamba.

Usimpe mtu hela ya "kuingiza jina". Nilitoa elfu thelathini, ujinga wangu, halafu nikakuta wenzangu wameandikwa bure.

Kwata utaipenda, hasa siku ya kufunga mafunzo mgeni rasmi akiwa jukwaani. Lakini usisinzie kwenye huduma ya kwanza na usomaji wa ramani. Mto ukifurika huku kwetu, hakuna anayeuliza kama unajua kugeuka nyuma. Wanamtafuta anayejua kufunga mguu uliovunjika.

Cheti kitolee nakala mapema, kampuni za ulinzi hukiulizia. Na namba yako ya simu iache kwa mshauri wa mgambo wa wilaya. Ukibadilisha laini, rudi ukamwambie.