Jibu: Kwa nini jiji limiliki kampuni?

Ndugu, umeuliza kwa nini jiji lianzishe kampuni ya maji au umeme ilhali lina idara zake. Sababu kubwa ni uhuru wa kiutendaji: kampuni huwa na hesabu zake na huweza kukopa kwa jina lake. Huko Munich, Ujerumani, jiji linamiliki hisa zote za Stadtwerke München, ambayo huuza umeme, gesi na maji na pia huendesha treni za chini ya ardhi, hivyo faida ya nishati huweza kuziba pengo la usafiri. Ninachokitilia shaka (na sheria peke yake haikitibu) ni bodi iliyojaa madiwani, kwani hapo msimamizi na msimamiwa huwa mtu yule yule, na deni lisiloonekana katika bajeti ya jiji huweza kuwaangukia walipa kodi.